Wakuu, hivi vyuma vitatu vya zamani ni vya kazi gani? Nahitaji jibu kabla ya kesho jioni

Mwana Ng'ambo
Habari za jioni wakuu. Niko Tabora mjini. Wiki mbili zilizopita nilinunua sanduku la vifaa vya zamani kwa mama mmoja anayehamia kwa mwanawe Mwanza. Elfu arobaini, sanduku zima. Vingi navijua: randa, keke, jiriwa ndogo, tupa zilizoliwa na kutu. Vitatu vimenishinda.

Cha kwanza kama koleo. Ukibana mikono, kijiti kinasogea mbele na kugonga kisahani kinachozunguka, kina namba pembeni. Cha pili kama patasi, ila mdomo umetanuka kama mkia wa samaki, haukati, na una mfereji. Cha tatu ni pande la chuma, urefu wa kiganja, zito, upande mmoja limechimbwa kama kikombe cha kahawa, laini ndani. Hilo la tatu ndilo nataka hasa.

Picha samahani, kamera ya simu imepasuka.

Asali Mbichi
Nimekaa siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

Fundi Randa
Cha kwanza nakijua nikiwa nimefumba macho. Ni cha kupangia meno ya msumeno. Unapitisha jino moja moja, hili unalilaza kulia, la pili kushoto, ili msumeno ukate njia pana kuliko bati lake usikwame kwenye ubao. Zile namba ni idadi ya meno kwa inchi moja. Meno makubwa namba ndogo. Mimi nilifundishwa na marehemu baba kwa mninga, na mninga haukusamehe ukipanga vibaya, msumeno unalia kama mbuzi. Siku hizi vijana msumeno ukigoma wanautupa wananunua mwingine. Halafu wanalalamika mbao zinapinda.

La tatu sijui, mimi wa mbao.

Mtu wa Ujiji
Cha pili ni chuma cha kukalafatia, mdogo wangu. Sisi huku ziwani tunaviringisha pamba, tunaichovya kwenye mawese, tunaishindilia kati ya mbao za boti kwa chuma hicho na nyundo ya mti. Ule mfereji ndio unaoshika pamba isiteleze. Ukiona kinakata, si chenyewe. Kama unauza nipo.

Bibi Mihogo
Mimi nauliza kingine. Mama wa watu anahama, sanduku zima umempa elfu arobaini? Keke peke yake bei gani? Mnawapora wajane halafu mnakuja kuuliza majina ya vitu mlivyopora.

Mwana Ng'ambo
Bibi shikamoo. Bei aliitaja yeye, sikumbishia hata shilingi.

Kichwa cha Treni
Mkuu, kesho jioni kuna nini?

Mwana Ng'ambo
Mambo binafsi tu mkuu.

Kichwa cha Treni
Mtu hana haraka ya kujua jina la chuma. Sema.

Mwana Ng'ambo
Sawa. Kuna jamaa amekiona hicho cha kikombe. Anasema ni kifaa cha Mjerumani cha kupigia zile rupia za dhahabu zilizotengenezwa hapa Tabora wakati wa vita. Ana mnunuzi, milioni 45. Kabla ya hapo kinatakiwa kipimo. Nilishampa laki tatu na nusu, kesho jioni namalizia laki nane ya dawa ya kukisafishia. Ndiyo maana nauliza, nijue kama ni chenyewe.

Asali Mbichi
Karanga zimefika zenyewe.

Kichwa cha Treni
Umepigwa. Laki nane unatoa wapi?

Mwana Ng'ambo
Nimeshaongea na mtu nimwachie pikipiki kwa wiki moja. Wakuu msinihukumu haraka, huyu jamaa si tapeli, alikuja na sumaku na kimashine kinachowaka taa. Na hizo rupia si hadithi, ulizeni.

Mwembe wa Zamani
Hilo ni kweli kabisa. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamebanwa, meli hazifiki, fedha zimeisha. Wakapiga sarafu Tabora wenyewe, kwa mitambo ya reli. Rupia 15 za dhahabu, upande mmoja tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, mchezo ukaisha.

Mjomba wangu alichimba chini ya mwembe miezi mitatu akitafuta dhahabu hiyo, kwa ramani aliyouziwa na mtu wa Urambo. Alichopata ni chupa na meno ya farasi. Mwembe ukaanguka juu ya jiko la jirani, akalipa jiko.

Mwana Ng'ambo
Umeona? Kwa hiyo inawezekana.

Mtu wa Ujiji
Hapana mdogo wangu, sikiliza. Kifaa cha kupigia sarafu uso wake ni bapa na kimechorwa picha kinyumenyume. Chako kina shimo la mviringo, laini. Ukikigonga kwenye dhahabu kitatoa kifungo cha koti. Tembo atatokea wapi?

Hicho ni cha ribiti, ile misumari minene ya kuungia mabati ya meli. Kamtazame Liemba hapa bandarini Kigoma. Alikuja toka Ujerumani vipande vipande ndani ya makasha, akaunganishwa hapahapa, 1915 akaingia majini. Ribiti inapashwa moto hadi iwe nyekundu, inapitishwa tunduni, mtu mmoja anaishikilia kwa nyuma, mwingine anauponda mkia kwa mbele. Halafu unaweka kikombe chako juu, unakigonga kwa nyundo, ndipo kile kichwa cha mviringo kinatokea. Geuza chuma chako utazame kisogo. Kama kimepondeka kikafunguka kama uyoga, ni cha ribiti.

Mwana Ng'ambo
Kisogo kimefunguka kweli. Lakini hata sarafu si zinagongwa?

Bibi Mihogo
Mke wako anajua habari ya pikipiki?

Jicho la Tatu
Samahani nakatisha. Hii chai, tena ina tangawizi. Mara umenunua kwa mama anayehama. Picha huna. Kila mtu akiuliza unaleta kipande kipya. Na mwaka jana kulikuwa na uzi kama huu, wa Kasulu, chuma kilikuwa cha zebaki. Nasubiri aombe mchango wa laki nane.

Asali Mbichi
Hahaha nilikuwa nashangaa. Sukari iongezwe.

Mwana Ng'ambo
Sijaomba mchango wa mtu. Mama ni mjane wa mzee aliyekuwa fundi reli, amestaafu zamani, amefariki mwaka juzi. Sasa ningetunga ili nipate nini?

Fundi Randa
Tusibishane. Kijana, chukua kile cha msumeno, zungusha kisahani, nisomee namba ya kwanza na ya mwisho. Na maandishi ubavuni.

Mwana Ng'ambo
Inaanzia 4 inaishia 12. Ubavuni Eclipse, halafu 77.

Fundi Randa
Chenyewe. Cha Mwingereza hicho, Sheffield. Mtu hawezi kubahatisha hivyo. Chai labda, lakini kikombe kipo.

Kichwa cha Treni
Na hicho cha ribiti hakina maandishi?

Mwana Ng'ambo
Yapo. Jamaa alisema nisiwaonyeshe watu, kwamba ndiyo siri yenyewe, na kesho dawa itayatoa vizuri.

Kichwa cha Treni
Yataje.

Mwana Ng'ambo
E A R, kile ki-alama cha "na", halafu H.

Kichwa cha Treni
Mkuu kaa chini. Hilo ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Liliundwa 1948, reli ya Tanganyika ilipounganishwa na ya Kenya na Uganda. Babu yangu alikuwa na filimbi yenye herufi hizohizo, nikiipuliza nachapwa. Mjerumani kaondoka Tabora 1916. Alipigaje rupia kwa chuma cha miaka 32 baadaye? Sasa unaelewa kwa nini jamaa anataka kuyasugua.

Jicho la Tatu
Naondoa nusu ya chai.

Bibi Mihogo
Na vitu vyenye alama ya reli usitembee navyo ovyo, utaulizwa umevitoa wapi. Mwambie mama akuandikie karatasi. Na umwongezee hela.

Mwana Ng'ambo
Jamaa anapiga simu tangu saa kumi. Anasema mnunuzi ameshafika Nzega.

Asali Mbichi
Nzega hapo wamefika wengi.

Mtu wa Ujiji
Usipokee. Cha kalafati nakupa elfu ishirini, tuma na basi la Kigoma.

Mwana Ng'ambo
Thelathini kaka yangu. Pikipiki siiachi tena, nimemwambia yule mtu. Cha msumeno Fundi Randa akikitaka tuongee. Hicho cha kikombe sikiuzi kwanza.