Mnalisha watu wa mitaani ama mnanunua roho zao kwa githeri, mahindi na maharagwe tu?

Leo wacha nitapike nyongo. Mimi nauza spea za magari Kirinyaga Road hapa Nairobi, na wenye mnapita huku usiku mnajua kwa veranda za maduka yetu kuna watu wanalala, wamama na watoto, vijana wa kunusa gundi, wazee. Sasa kuna kikundi fulani, jina sitaji, huja kila Jumamosi jioni na lori, jenereta, spika kubwa mbili na masufuria ya githeri, na ukipita tu hapo kando utasema Mungu awazidishie hawa watu.

Ngoja sasa ukae uone. Watu wanaketishwa chini kwa lami halafu mahubiri yanaanza, na si ya dakika kumi, ni yale ya mhubiri hadi anavua koti. Masufuria yako hapo mbele yamefunikwa, harufu inawafikia na hakuna kugusa. Baadaye ndio wanaambiwa anayetaka kuokoka apite mbele, wanafuatishwa sala ya toba, na hao waliopita mbele ndio wanaandikwa namba kwa mkono na markapeni. Huna namba huna sahani. Huna namba huna blanketi, na hii ni Julai jameni, baridi ya Julai mnaijua.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na mama na mtoto wake mdogo, mtoto amechoka analala, mama anamfinya sikio aamke kwa sababu kuna dada wa tisheti ya kikundi anazunguka kuangalia nani amesinzia, na ukisinzia namba inafutwa. Mtoto akalala. Yule dada akalowesha kitambaa na mate, akashika kale kamkono akafuta namba. Na mate! Mama hakusema kitu maana namba yake bado ilikuwa haijafutwa, angesema nini na yeye pia angenyimwa?

Halafu kuna mzee wetu mmoja Mwislamu, yeye ndiye hutulindia maduka usiku. Aliwaambia kwa heshima kabisa, wanangu chakula nitashukuru lakini hiyo sala siwezi. Kijana wa maikrofoni akamjibu mbele ya watu wote, "Basi mzee nenda ukale msikitini." Watu wengine wakacheka. Mzee akarudi kwa katoni yake akakaa, nikampelekea chai na mandazi, na ati yeye ndiye ananituliza mimi, "Wacha tu mwanangu, chakula ni chao."

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kuniambia hayo hayo, chakula chao masharti yao. Sawa, lakini hapo ni barabarani, si sebuleni kwao. Na hiyo pesa si yao, ni ya watu waliochanga kwa simu wakiambiwa wanalisha familia za mitaani, bango lao halisemi popote ati tunalisha wenye wamekubali kutubu. Katiba ya 2010 nayo kifungu cha 32 kinasema hakuna mtu kulazimishwa kufanya kitu kinachopinga dini yake, na kifungu cha 20 kinasema hizo haki zinafunga kila mtu, si serikali peke yake. Hata Msalaba Mwekundu na mashirika wenzake waliandika kanuni zao 1994 kwamba msaada usitumike kueneza msimamo wa dini. Kwa hivyo hii si mambo nimetoa kwa kichwa yangu.

Na msiseme nachukia kanisa, mimi nimeokoka. Luka 17, Yesu aliponya wakoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru. Aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hakuwarudishia ukoma. Sasa wewe na masufuria yako ya githeri umemzidi yeye?

Kichekesho ni kwamba hata hiyo wokovu yenyewe hawapati. Kuna kijana wa gundi aliniambia, "Boss, mimi huokoka kila Jumamosi, lori isipokuja narudi dhambini." Nao wanarekodi video, wanaweka Facebook ati roho kadhaa zimempokea Bwana, sura ni zile zile za wiki iliyopita! Wachangaji wanaandika amina.

Kwa makao ya kulaza watu wa mitaani ni mbaya zaidi. Kijana mmoja alipata kitanda mahali, akapata na kibarua cha kushusha mizigo soko la Marikiti, na kazi ya Marikiti ni usiku kabla kupambazuke, akakosa ibada ya alfajiri mara kadhaa, wakamtoa. Yaani amerudi kulala nje kwa sababu alienda kazi. Mnirekebishe kama mimi ndiye sielewi.

Serikali ilihesabu watu wa mitaani 2018 ikapata 46,639 nchi nzima, 15,337 wakiwa hapa Nairobi. Watu wengi hivyo wameachiwa yeyote mwenye sufuria, basi mwenye upawa ndiye anakuwa chifu na hakimu.

Na msiniambie haiwezekani kulisha bila hizi drama. Wangapi hapa mmekula kwa Masingasinga pale Makindu mkielekea Mombasa? Hekalu iko hapo tangu 1926, unavua viatu, unafunika kichwa, hiyo ni adabu ya kuingia kwa watu, unakula unashiba unaenda zako na hakuna mtu amekuuliza unaabudu nani.

Wenye mnachangia hizi lori, kabla utume pesa tena wapigie uulize kitu kimoja tu: anayekataa kusali anakula ama hali? Wakianza kuzungukazunguka, hiyo pesa nunua mkate na maziwa upeane mwenyewe hapa raundabauti ya Globe jioni, watu wa kupewa wako.