Kutoa kizazi kwa matundu madogo: ureta huumia wapi hasa?

Sista_Thieta
Habari za kazi wakuu. Mama wa miaka 46, faibroidi (uvimbe usio saratani) zimekuza kizazi hadi ukubwa wa mimba ya wiki 12, amezaa kwa sizeria (upasuaji) mara mbili. Amepangiwa kutolewa kizazi kwa laparoskopi (kamera na vifaa kupitia matundu madogo), ovari zinabaki. Hatua za jumla nazijua. Naomba kueleweshwa ureta (mrija wa mkojo kutoka figo hadi kibofu) inaumia wakati gani, na kwa nini mgonjwa anatoka thieta mzima kisha siku ya kumi anaanza kuvuja mkojo ukeni.

Mshonaji
Sista, hilo la siku ya kumi mara nyingi ni joto la kifaa cha umeme cha kuunguzia mishipa. Ureta ikikatwa na mkasi, mkojo humwagika tumboni na dalili huja mapema. Ikiunguzwa, haitoboki siku hiyo. Ukuta wake hufa taratibu, unaachia kati ya siku ya 7 na ya 14. Kwa hiyo msitulie kwa sababu tu sistoskopi (kamera ndani ya kibofu) imeonyesha mkojo ukiruka pande zote mbili. Kipimo hicho hukamata ureta iliyofungwa na uzi au kukunjwa, lakini iliyoungua inaweza kupita kama nzima.

Kama ovari zingetolewa, hatari ya kwanza ingekuwa kwenye ukingo wa nyonga, mishipa ya ovari inapopita jirani na ureta. Kwa mama huyu hamfiki huko. Kwake tazameni pembeni ya shingo ya kizazi: ureta inapita chini ya ateri ya kizazi (mshipa unaopeleka damu huko), sentimita 1.5 hadi 2 tu kutoka kwenye shingo. Anayeshika manipuleta (kifaa cha kusogezea kizazi kupitia ukeni, chenye kikombe kinachozunguka shingo yake) asukume kizazi kuelekea kichwani wala asilegeze. Kikombe kikikaa vizuri, ateri inapanda na ureta inaachwa chini. Mkono ukilegea, ile nafasi inapotea.

Ateri ivuliwe tishu kwanza, ndipo iunguzwe usawa wa ukingo wa kikombe. Damu ikiruka, msichome ovyo ndani ya dimbwi. Ibaneni kwa koleo, osheni, nyonzeni, mwone mdomo wa mshipa, ndipo mchome. Ureta huungua katika ile haraka ya kusimamisha damu. Tahadhari hiyohiyo irudi wakati wa kushona pembe za uke, maana sindano ikienda nje mno inaikamata.

Kuhusu sizeria, kibofu kitakuwa kimegandana na kovu. Kijazeni maji ya chumvi kama mililita 200 ili mpaka wake uonekane, kisha ingieni kutokea pembeni ambako makovu ni machache. Tumieni mkasi usio na umeme.

Usingizi_Salama
Naongeza upande wa kichwani, yaani wa usingizi. Mgonjwa alale sawa hadi troka (mrija wenye ncha wa kutobolea tumbo) ya kwanza iingie. Mkimwinamisha kichwa chini mapema, mishipa mikubwa inasogea kwenye njia ya ncha. Sindano ya gesi ya kujaza tumbo ikisoma presha ya mwanzo zaidi ya milimita 10 za zebaki, haijakaa mahali pake. Presha inaweza kupandishwa hadi 20 wakati wa troka ya kwanza, kisha irudi 12 hadi 15. Mapigo ya moyo yakishuka ghafla, acheni gesi itoke kwanza, atropini (dawa ya kuongeza mapigo) iwe tayari mkononi.

Vizuizi vya mabegani msiviweke, vinaumiza neva za mkono. Godoro lisiloteleza linatosha.

Mama_Wodi
Maumivu ya bega siku mbili za mwanzo ni ya gesi, mwelezeni mapema asiogope. Maumivu ya kiunoni upande mmoja, homa, tumbo kujaa na kichefuchefu kisichokwisha ni jambo jingine: pimeni kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) na ultrasaundi ya figo siku hiyohiyo. Kreatinini inaweza kupanda figo zikiwa nzima, kwa sababu tumbo linafyonza mkojo uliomwagika.

Akivuja, wekeni gozi (shashi) ukeni na methilini bluu (dawa ya rangi) kwenye kibofu. Gozi likigeuka bluu, tundu liko kwenye kibofu. Likilowa bila rangi, shukuni ureta, mpelekeni CT skani yenye dawa ya mishipa. Na anayetoka mbali asipangiwe kurudi wiki ya sita tu. Aonwe kabla siku 14 hazijaisha.

Sista_Thieta
Asanteni sana. Wiki 12 zitapita ukeni kweli?

Mshonaji
Mara nyingi zinapita. Pakigoma, kizazi kitiwe mfukoni, mdomo wa mfuko uvutwe ukeni, kikatwe vipande kwa kisu humo ndani. Msikisage wazi tumboni kwa mashine. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya juu ya mashine hizo, ikikadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa kwa ajili ya faibroidi ana sakoma (aina ya saratani) isiyojulikana, na kuisaga wazi kunaitawanya.

Uke mshone sentimita 1 kutoka ukingoni, mpite kwenye tishu hai, si ile iliyobabuka kwa daiathemi (kifaa cha umeme cha kuunguzia), vinginevyo kidonda kitafunguka. Tendo la ndoa lisubiri wiki 8 hadi 12, na mumewe aambiwe akiwepo.