Kuongeza nguvu chenso ndogo ya nyumbani

Swali: Wakuu, nina Stihl MS 180, cc 31.8, baa ya inchi 14. Kwenye gogo la mwembe inalemewa. Nipanue tundu la ekzosi?

Jibu: Mkuu, angalia kabureta kwanza. MS 180 nyingi hazina skrubu ya H (ya kurekebisha petroli injini ikizunguka kwa kasi), kwa hiyo petroli ya resi kubwa huwezi kuiongeza. Ukifungua ekzosi, hewa inazidi, mafuta yanabaki yaleyale, pistoni inachubuka upande wa ekzosi. Kama H haipo, usiguse.

Jibu: Skrubu ya H ikiwepo, eneo la tundu jipya na la zamani kwa pamoja lisizidi asilimia 80 ya eneo la mlango wa moshi wa silinda. Safisha unga wote wa chuma, rudisha wavu wa kuzuia cheche. Fungua H kidogokidogo: kwenye resi ya mwisho bila mzigo, sauti ikatekate; chenso ikiingia mtini, sauti inyooke. Ikilia kama filimbi, petroli haitoshi, zima.

Jibu: Mnyororo je? Ukiwa unatoa unga wa mbao badala ya chembe nene, ni butu. Unoe kwa tupa ya duara ya mm 4, pembe ya nyuzi 30, na kinundu kilicho mbele ya kila jino kiwe mm 0.65 chini ya ncha ya jino. Hapo ndipo nguvu nyingi hupotelea.