Wikiendi Dodoma kwenye zabibu: kidege toka Mtwara, ndege ya kukodi, au Dar halafu SGR?

Mwana_Shangani
Wakuu salaam. Mwezi wa nane nataka kwenda Dodoma wikiendi moja, kuona mashamba ya zabibu, kuonja mvinyo pale pale unapotengenezwa, na Jumatatu niwe kazini Mtwara. Tuko wanne: mimi, mama watoto, rafiki yangu mmoja, na shemeji mwenye leseni ya rubani binafsi. Huyu shemeji huwa anakodi Cessna 172 kwenye chuo kimoja cha urubani Dar, na ndiye aliyenitia hii homa. Anasema anaileta mpaka Mtwara Jumamosi alfajiri, anatubeba, mchana tunakula nyama choma Dodoma.

Mimi nina njia nne mezani. Ya shemeji. Ya kukodi Caravan, ndege kubwa kidogo ya injini moja, yenye rubani wake. Ya kupanda ndege ya ratiba mpaka Dar halafu SGR. Na barabara, ambayo naitaja kwa heshima tu, maana ni kama kilomita elfu moja kwenda peke yake.

Waliowahi au wanaojua, shusheni. Nataka kulinganisha muda, usalama na mfuko.

Ndanda_Juu
Mwezi wa nane hela ya korosho haijaingia, wewe unatoa wapi jeuri ya kukodi Caravan? Tuanzie hapo kwanza.

Mwana_Shangani
@Ndanda_Juu mkuu siyo kila mtu wa Mtwara anasubiri mnada.

Rubani_Kusini
Mkuu Mwana_Shangani, shemeji yako simvunjii heshima, lakini mwambie akae na kalamu kabla hajakaa na usukani. Hesabu ya mafuta inagoma.

Cessna 172 ya kisasa inabeba mafuta yanayotumika kama lita 200. Kwa usalama weka lita 35 kwa saa, mwendo kilomita 200 kwa saa. Dar kuja Mtwara ni kilomita 400: saa mbili, lita 70. Mtwara kwenda Dodoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 670: saa tatu na dakika ishirini, lita 117 hivi. Jumla 187. Unatua Dodoma na lita 13, yaani dakika ishirini na kidogo za kuruka. Akiba ya kawaida ya mchana kwa ndege inayoruka kwa kuona ni dakika thelathini, na hapo hata hujakutana na wingu la kulizunguka.

Utasema atajaza Mtwara. Atajaza nini? Ndege za injini ya pistoni zinakunywa AVGAS. Majeti na Caravan zinakunywa Jet A-1. Ni vitu viwili tofauti na haviingiliani. Jet A-1 ndiyo imeenea, AVGAS haipo kila uwanja, kwa hiyo asipange safari ya kutegemea AVGAS ya Mtwara au ya Dodoma bila kupiga simu na kuthibitishiwa kwamba ipo, siku hiyo, na kuna mtu wa kuipampu.

Halafu uzito. Ndege hiyo inaruhusiwa kuruka na kilo 1,157 kwa jumla. Toa uzito wake yenyewe, toa tanki lililojaa ambalo ni kama kilo 144, unabaki na kilo 230 na kitu. Hao ni watu wazima watatu, na begi la mgongoni. Wanne wenye kilo 80 kila mmoja ni kilo 320, maana yake unapunguza mafuta mpaka kama saa mbili na robo za kuruka. Kwa watu wanne, Mtwara–Dodoma bila kusimama haipo. Viti vinne siyo watu wanne.

KikwetuLindi
Rubani kasema kweli. Naongezea la njia yenyewe. Mstari wa Mtwara–Dodoma ukiunyoosha kwenye ramani unakata juu ya Selous na Hifadhi ya Nyerere, unapita kusini-magharibi mwa Bwawa la Nyerere, unatokea maeneo ya Mikumi, kisha unakutana na milima ya Rubeho iliyopanda zaidi ya mita 2,000. Injini moja ikikohoa katikati ya Selous, unatua kwa nani? Hata ukitua salama, wa kwanza kukufikia siyo zimamoto.

Ukifuata pwani unapita Lindi, Kilwa Masoko, Dar, halafu unashika reli na barabara kwenda Morogoro, Uluguru unaiacha mkono wa kushoto, unaingia Dodoma. Umeongeza kilomita 120 tu hivi. Kwa kidege hiyo ni nusu saa na ushee, lakini muda wote una uwanja au barabara ya kukimbilia.

Jambo jingine, mwezi wa nane ni upepo wa kusi. Kwenda inakusukuma mgongoni, kurudi inakupiga usoni. Kwa hiyo Jumapili ndiyo safari ndefu, na jua halikusubiri, saa kumi na mbili na nusu jioni kiza. Ongeza moshi wa moto wa nyika, maana kusini huku mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma mapori na kuona mbali inakuwa taabu.

Mzee_wa_Nachi
Vijana mnaitaja Lindi na Mtwara mnaturuka sisi Nachingwea. Sisi tulikuwa na uwanja enzi za mradi wa karanga wa Mwingereza, na bandari yenu ya Mtwara mnayojidai nayo ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo hizo. Karanga zikagoma, 1951 wakafunga hesabu, uwanja ukabaki. Haya, endeleeni.

Mwana_Shangani
@Mzee_wa_Nachi shikamoo mzee, tupo pamoja.

@Rubani_Kusini nimekusoma mkuu, na hesabu nimempelekea shemeji. Amesoma, kanyamaza. Je Caravan? Na kama tukichanga sisi wanne tukamlipa shemeji kidogo si nafuu?

Rubani_Kusini
Kumlipa, hapana. Leseni ya rubani binafsi haimruhusu kulipwa kwa kubeba watu. Kuchangia gharama za ndege ni habari nyingine, na mipaka yake aulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mwenyewe. Anayebeba abiria kwa malipo lazima awe kampuni yenye cheti cha uendeshaji. Bima nayo inaangalia hapo hapo: likitokea la kutokea na ikajulikana mlimlipa, mmeumia mara mbili.

Caravan ni mashine ya maana. Inakunywa Jet A-1, inabeba wote wanne na maboksi yenu, Mtwara–Dodoma ni kama saa mbili na robo. Shida ni kwamba ndege za kukodi hazilali Mtwara. Itatoka Dar tupu kuja kuwachukua, na itarudi Dar tupu ikishawashusha. Piga saa: moja na dakika ishirini kuja, mbili na robo kwenda, mbili na robo kurudi, moja na ishirini kuondoka. Saa saba na dakika kumi zinalipiwa, ninyi mmekaa ndani nne na nusu. Na rubani wake akilala Dodoma, chumba na chakula ni juu yenu. Mkiwa watu tisa mkagawana, inaanza kuzungumzika. Wanne, ni kujionyesha.

BintiMakulu
Habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa Newala, naishi Dodoma. Naona mmezama kwenye ndege mmesahau mnachokifuata.

Kaka Mwana_Shangani, umepatia mwezi. Huku hakuna baridi ya kuilaza mizabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeamua lini izae kwa kupogolea, na baada ya kama miezi minne anavuna. Ndiyo maana tuna misimu miwili: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Ule wa Februari unaangukia kwenye mvua, barabara za mashambani tope. Agosti ni kavu, zabibu tamu zaidi. Njoo mwishoni mwa mwezi.

Usitegemee kukuta mambo kama ya Ufaransa, kwamba unapaki gari unakaribishwa meza ya kuonja. Wapo wanaopokea wageni, lakini unapiga simu siku kadhaa kabla. Hombolo, kilipo kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO, ni kama kilomita 40 toka mjini. Bihawana iko karibu, barabara ya Iringa, na ndiko wamisionari wa Kikatoliki walikoanzisha zabibu miaka ya 1950 kwa ajili ya mvinyo wa misa. Chinangali iko Chamwino, njia ya Dar, hapo utaona shamba kubwa la wakulima wa pamoja. Makutupora kuna kituo cha utafiti, aina ya zabibu nyekundu ya Makutupora imebeba jina la pale. Ila angalia: stesheni ya Makutupora unayoisikia kwenye mambo ya SGR ni ya Manyoni, mkoa wa Singida. Usije ukashuka huko ukatafuta zabibu.

Kama muda ni mdogo, mimi nakushauri uende kwa mkulima mdogo mwenye tanki lake nyuma ya nyumba. Huko utakuta wanakamua, mikono imekuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, nyuki kila mahali, na kwenye ndoo kuna mchuzi wa zabibu bado unatoa povu. Zabibu haingoji. Kiwanda kisipochukua kwa wakati, mkulima anakamua anauza mchuzi, maana zabibu zenyewe zikikaa ni hasara. Hapo ndipo utaonja kitu ambacho hakimo kwenye chupa ya dukani. Na utaelewa kwa nini wakulima wanalalamikia bei, usiwaulize kama huna nafasi ya kusikiliza.

Angalia na ratiba ya Bunge. Likiwa limekaa, vyumba vinapanda.

Uraka_Safi
Yaani mnaruka Selous nzima kufuata kileo? Subirini msimu wa korosho mabibo yanaoza chini ya miti bure. Naliendele walishafundisha watu kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo. Shangani mpaka Naliendele ni bodaboda. Wasiopenda mvinyo, uraka, pombe ya mabibo, upo.

Ndanda_Juu
@Uraka_Safi uraka hauna picha ya kupiga ukiwa umevaa miwani ya jua.

KikwetuLindi
😂😂

Rubani_Kusini
Dada BintiMakulu katia nyama. Na hilo la mchuzi unaotoa povu lina tahadhari kwa wenye kidege. Mchuzi ambao bado unachacha ukiuweka kwenye dumu lililofungwa kabisa, ukapanda nao futi 8,500 kwenye ndege isiyo na mgandamizo, dumu linavimba. Kizibo kikikubali kuachia, wote mmeoga. Chupa iliyofungwa kiwandani haina neno. Dumu liache Dodoma au lipakie basi.

Sasa nikupe ninavyoona mimi. Kama shemeji lazima arushe ndege, airushe toka Dar, siyo toka Mtwara. Dar–Dodoma ni kama kilomita 400, saa mbili. Anajaza tanki Dar, anakwenda na kurudi kwa lita 140, anabakiwa na 60 bila kuomba AVGAS kwa mtu. Ninyi mnapanda ndege ya ratiba Ijumaa Mtwara–Dar, mnalala, Jumamosi alfajiri mnapaa. Na uzuri wake ni huu: mkifika Dodoma mmechoma kama kilo 50 za mafuta, na boksi la chupa kumi na mbili lina kilo kama 15. Maboksi matatu yanaingia kwenye nafasi iliyoachwa na mafuta, na sehemu ya mizigo nyuma inaruhusu kilo 54.

Ila kurudi mpae asubuhi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Saa nane mchana joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inahisi iko kama mita 1,900. Inakimbia, inakimbia, haitaki kunyanyuka, na ikinyanyuka inapanda kwa kusuasua. Mtu aliyezoea kupaa pwani anashtuka. Maana yake Jumamosi usiku shemeji hagusi glasi. Marekani wanasema saa 8 toka kinywaji mpaka usukani; mimi namwekea 24. Yaani rubani wenu anakwenda kwenye mvinyo kunywa maji.

Na kwa uaminifu, treni inafanya Dar–Dodoma chini ya saa nne, haijali kusi wala moshi, na wote mnakunywa. Ukihesabu kufika uwanjani, kukagua ndege, kupeleka mpango wa safari na kusubiri ruhusa ya mnara, kidege kinaokoa saa moja, labda. Kama mnatafuta kufika tu, SGR. Kama mnatafuta raha ya kuiona Uluguru ikiwa sawa na bega lako asubuhi ile, basi hakuna treni ya kufanana na hiyo, lipeni.

KikwetuLindi
Naunga mkono Dar halafu treni. Na hiyo ya barabara uliyoitaja kwa heshima, iache huko huko. Mei 2024 mvua ilivyokata barabara pale Somanga hatujasahau.

BintiMakulu
Jumapili asubuhi msiende mashambani mapema, watu wako ibadani. Jumamosi ndiyo siku yenu. Treni ikiwafikisha saa sita, nyumba ya mkulima inatosha, Hombolo mtaiharakisha.

Mwana_Shangani
Wakuu asanteni, nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimekaa na shemeji, amekubali habari ya kupaa toka Dar, na amekubali maji. Tatizo limebaki moja, watu ni wanne na Rubani kasema watatu.

Rubani_Kusini
Nipe kilo za kila mtu, za kweli, siyo za kwenye kitambulisho.

Mwana_Shangani
Mimi 84. Shemeji 78. Mama watoto 70. Rafiki yangu 104.

Rubani_Kusini
Rafiki yako anapanda treni.

Mwana_Shangani
Nimemwambia. Kakubali haraka mno. Sasa mama watoto naye kasoma uzi wote na kasema anapanda treni pamoja naye, na pesa ya mvinyo anayo yeye.