Sehemu ya kupigia mashuti ya hoki nyuma ya nyumba: goli kamili litaingia?

Gongo_Fupi:
Wadau, nina eneo la mita 9 kwa 5 nyuma ya nyumba. Ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha maji yanatuama. Nataka pa kufanyia mazoezi ya mashuti ya mpira wa magongo (wa uwanjani, si wa barafu): kusukuma, kunyanyua, na lile shuti la kuburuta na kurusha. Nyuma ya goli kuna ukuta wa jirani wa mita 2, na madirisha yake yanaonekana juu yake. Goli kamili litaingia? Chini nitandike nini?

Kipa_Mstaafu:
Mkuu, litaingia. Goli ni mita 3.66 kwa 2.14 kwa ndani, kwa hiyo ukihesabu na unene wa milingoti kila upande utabaki na sentimita 62 hivi. Kwa urefu piga hesabu hivi: nusu mita kati ya ukuta na goli, mita 1.2 kina cha goli pale chini, mita 6 hadi mpira ulipo, kisha mita 1.3 ya kusimama. Kusukuma na kunyanyua panatosha. Kwa kuburuta hapatoshi, maana kunahitaji hatua za kukimbilia. Sogeza mpira hadi mita 5 ufanye kwa hatua mbili.

Ila usianze na goli, anza na wavu wa kuzuia. Mpira ni plastiki ngumu ya gramu 156 hadi 163, na unaopaa juu ya mtambaa panya ndio unaokwenda dirishani. Simamisha mabomba yenye kimo cha mita 4 juu ya ardhi, uyafukie sentimita 80 kwenye zege. Matundu ya wavu yasizidi milimita 45. Waya wa juu uwe na kikazio, ukilegea unabonyea katikati, na mipira mingi inapaa papo hapo. Wavu wenyewe usikazwe kama ngoma, utakurudishia mpira usoni. Uache ulegee, na sentimita 30 zilale chini ili mpira usipenye.

Fundi_Zulia:
Kuhusu chini: chimba sentimita 12, weka kokoto sentimita 10 kwa tabaka mbili, kila moja ishindiliwe peke yake. Ukimwaga zote kwa mkupuo, juu panakuwa pagumu na chini panabaki palegevu, baadaye panatitia. Malizia na sentimita 2 za vumbi la kokoto.

Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita, kufuata urefu, kutoka nyumbani kuelekea golini, na mfereji mdogo wa kokoto kabla ya ukuta wa jirani. Usiteremshe kwa upande: mpira unaotambaa utahama mstari, na mchezaji atazoea kulenga pembeni.

Zulia la nyasi bandia liwe fupi, milimita 12 hadi 15. La soka, la milimita 40, linameza mpira na kunasa gongo. Lipapase kwa kiganja: nyuzi zilalie upande wa golini. Misumari ipigwe kingoni tu.

Mlinda_Kona:
Nakubaliana na wavu, lakini goli lenye milingoti ya chuma sikubali. Kwa mita 6, mpira ukigonga mlingoti unaweza kumrudia mpigaji kabla hajainua gongo. Ning'iniza turubai zito lenye ukubwa wa goli, likate matundu manne ya sentimita 40 kwenye kona. Mpira ukiligonga unadondoka papo hapo. Na ukitaka ubao wa chini ya goli, ule wa kimo cha sentimita 46, usiupigilie ukutani. Unalia kama nyundo. Uning'inize kwa kamba na uuvike mpira wa matairi.

Gongo_Fupi:
Nimeelewa. Nikiwa na zulia la mita 4 kwa 2 tu kwa sasa?

Fundi_Zulia:
Liweke pale mpira unapoanzia na miguu inaposimama. Utanyanyua vizuri tu. Mashuti ya kutambaa yasubiri, kwenye vumbi la kokoto mpira utarukaruka.