Kwa mhandisi anayejiandaa kuhamia Ontario: anza na barua za wasimamizi wako hapo Dar es Salaam

Mdogo wangu, marahaba. Umeuliza kama tathmini ya shahada yako, ambayo umeshailipia kwa ajili ya maombi ya uhamiaji wa Kanada, itatosha kukupatia kazi ya uhandisi ujenzi utakapofika Toronto. Haitatosha, na ni heri ulijue hilo ukiwa bado Ubungo. Tathmini hiyo, inayodumu miaka 5, huiridhisha idara ya uhamiaji tu kwamba elimu yako inalingana na ya Kanada. Haki ya kujiita mhandisi hutolewa na bodi ya jimbo, kama inavyotolewa hapo nyumbani na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Tangu Mei 2023 bodi ya Ontario haidai tena uzoefu uliopatikana ndani ya Kanada, sharti lililotufanya wengi wetu tubebe maboksi miaka na miaka huku vyeti vikiwa sandukuni. Mbali na mtihani wa sheria na maadili ya taaluma, inadai miezi 48 ya kazi ya uhandisi iliyothibitishwa na watu wanaoijua kazi yako. Hapo ndipo uweke nguvu zako. Mimi niliondoka na barua iliyosema kwamba nilikuwa mtumishi mwaminifu, bila kutaja kalavati hata moja niliyoisanifu. Nilipoihitaji barua ya maana, msimamizi wangu alikuwa amestaafu na kurudi kijijini, simu yake haipatikani, na dada yangu alizunguka maofisi ya Posta wiki nzima akitafuta mtu wa kutia saini barua nyingine. Iliniuma sana kumsumbua kwa jambo ambalo ningelimaliza mwenyewe kwa siku moja. Nenda sasa kwa wasimamizi wako, uwaombe waandike kazi ulizozifanya wewe mwenyewe na maamuzi uliyoyatoa, kisha uchukue barua pepe zao binafsi, kwa kuwa za ofisini hufungwa mtu akiondoka.

Leseni ikichelewa, sheria ya Ontario inakuruhusu kufanya kazi hiyo chini ya mhandisi mwenye leseni anayeiwajibikia, mradi usijiite mhandisi. Omba nafasi za namna hiyo tangu mwezi wa kwanza. Katika wasifu wako ondoa picha, umri, dini na hali ya ndoa.

Barua ya kwanza ikishaandikwa, nitumie rasimu niisome kabla haijatiwa saini.