Mrejesho: Nimeisikiliza yote albamu ya kwanza ya Prince

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kama For You, albamu ya kwanza ya Prince ya mwaka 1978, inafaa kusikilizwa au nianze moja kwa moja na ile ya 1979. Wengi mlisema niiruke. Wawili mkanisihi nivae hedifoni niisikilize tangu mwanzo. Niliwafuata hao wawili, na nawashukuru sana.

Wimbo wa kufungua hauna ala hata moja. Ni sauti yake tu, amejirekodi tabaka juu ya tabaka, kwa dakika moja hivi. Nimeupa 9 kati ya 10.

"Soft and Wet" 8. Pale ambapo bendi nyingine za fanki zingeweka matarumbeta, yeye kaweka sinthesaiza, na inakamata kweli.

Lakini kilichoniteka ni "Just as Long as We're Together". Unazidi dakika sita. Kuimba kunapungua, halafu besi, ngoma na gitaa vinaanza kujibizana kana kwamba kuna bendi nzima studio. Kumbe ni mtu mmoja, kijana wa miaka 19 kutoka Minneapolis! Sehemu ile ya mwisho nimeirudia mara nne. 10, bila kusita.

"Baby" na "So Blue" nimezipa 5, taratibu mno kwangu. "I'm Yours" 7 kwa sababu ya lile gitaa la roki.

Leo usiku naanza ya 1979.